DIALux evo: nilivyopanga taa za nyumba ya dada Moshono kwenye laptopu kabla ya kuchimba ukuta

Wadau wa ujenzi, hii ni ya wale mko kwenye plasta au mnaielekea, yaani fundi umeme bado hajashika tindo kuanza kuchimba ukuta kupitisha bomba za waya. Mi ndo huyo fundi umeme, napiga kazi Arusha na Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, na nyumba ninayoiongelea ni ya dada yangu, iko Moshono, hapa Arusha, vyumba vitatu, sebule, jiko na kachumba kadogo ambako kwenye ramani kaliandikwa stoo.

Programu inaitwa DIALux evo. Ni ya bure, imetengenezwa na DIAL ya Ujerumani, mji wa Lüdenscheid. Unachora chumba kwa vipimo vyako, unaweka mlango, madirisha, rangi ya ukuta, unaweka taa, unabonyeza, inakupigia hesabu mwanga utakaotua kila sehemu kwa luksi. Na hapa naomba tuelewane kidogo maana hata mafundi wenzangu tunachanganya sana: balbu inatoa lumeni, meza inapokea luksi. Lumeni moja ukiitandaza kwenye mita moja ya mraba ndo luksi moja. Wati ni umeme unaokula tu, haikwambii meza yako imepata nini, lakini dukani wote tunaulizia wati.

Kilichonifanya niitafute ni usiku mmoja wa Januari, ile wiki shule zinafungua. Dada anashona sare za shule, kipindi hicho alikuwa amepanga Sakina, chumba cha mita nne kwa tatu na nusu hivi, balbu moja ya LED ya wati 9 katikati ya dari na cherehani imesukumwa ukutani kwa sababu soketi iko huko. Nimefika saa mbili usiku namkuta anafumua. Sketi ya dark blue, uzi wa dark blue, pindo lote alikuwa amelishonea na mkunjo wa chini bila kuona, sasa anatoa nyuzi moja moja kwa wembe, na simu kaibana kati ya shavu na bega imewashwa tochi. Nikamuuliza hii ya ngapi leo, akasema kaka we acha tu, hizi za giza nazitoaga nje asubuhi saa tano ndo naona nilichokosea.

Nikapima kwa simu. Simu nyingi za Android zina kile kisensa cha mwanga karibu na kamera ya mbele, kuna programu inakusomea luksi, si sahihi kama kipimo chenyewe lakini kwa kulinganisha sehemu na sehemu inatosha. Katikati ya chumba, juu ya meza, ikasoma arobaini na kidogo. Kwenye cherehani ishirini hivi. Nikamwambia kaa kama unavyoshona, akakaa akainama, pale sindano inaposhukia ikasoma tisa. Tisa! Wazungu kwenye kiwango chao cha taa za sehemu za kazi, EN 12464-1, kusoma na kuandika wameweka luksi 500 na kushona wameweka 750. Dada yangu miaka yote hiyo anashona dark blue juu ya dark blue kwenye luksi tisa, na aliyemfungia hiyo taa ni mimi, nilimwambia chumba kidogo hiki balbu moja inatosha. Iliniuma sana.

Sababu iko wazi ukishaijua. Mwanga ukisafiri umbali mara mbili unabaki robo, sio nusu, robo. Halafu taa ya katikati siku zote iko mgongoni kwa mtu aliyegeukia ukuta, kwa hiyo mwili wake ndo unaweka kivuli kwenye kazi yake. Nenda jikoni kwako saa moja usiku ukate kitunguu kwenye meza iliyogusa ukuta, angalia kivuli cha kichwa chako kimeangukia wapi.

Sasa turudi kwenye programu. Kitu ninachoipendea kuliko vyote ni kwamba haikulazimishi kupima chumba kizima kama wengi wanavyofanya, unaweza kuweka kieneo cha kupimia popote, ukubwa wowote. Mi nikaacha kabisa kufikiria chumba nikaanza kufikiria kazi na saa yake. Nilikaa na dada na daftari, nikamwambia niambie siku yako toka unaamka, unafanyia wapi na umegeukia wapi. Kushona usiku, hapo nikaweka kieneo cha sentimita 40 kwa 40 chini ya sindano. Kukata mboga. Mtoto wa darasa la tano anafanyia homuweki kwenye meza ya kulia, sio chumbani, kwa hiyo kieneo kikaenda kwenye meza ya kulia upande anaokaa yeye. Kujipaka mafuta mbele ya kioo. Kuogesha mtoto mdogo asubuhi. Mama akishuka kutoka Machame kuja kutusalimia, usiku anaamka kwenda chooni, anapitia korido.

Halafu nikachora watu. Programu ina maumbo ya kawaida, boksi, silinda, nikaweka boksi la ukubwa wa kiwiliwili na la kichwa mbele ya kila kazi, na hapo ndo nikaona kitu ambacho kwa macho matupu nisingekiona kamwe. Ukibonyeza kuhesabu inakuletea chumba kimepakwa rangi kulingana na luksi, kwenye mwanga mdogo rangi moja, mwingi rangi nyingine, na pale jikoni nilipokuwa nimepanga taa nzuri ya dari, kubwa kabisa, kulikuwa na doa limekaa sawasawa juu ya ubao wa kukatia. Kivuli cha boksi langu. Nikaongeza lumeni mara mbili, doa likabaki palepale, limepauka kidogo tu. Nikarudisha taa ndogo ya dari nikaweka utepe wa LED chini ya kabati la juu, doa likaisha, na umeme unaotumika ni mdogo kuliko ile kubwa.

Cherehani ilinichukua jioni tatu. Jibu likawa taa ya mkono ya LED ya wati 5 tu, sentimita 45 juu ya kazi, imekaa kushoto kidogo ili mkono wa kulia usizibe, na taa ya dari ibaki inawaka kwa sababu ukishonea kwenye doa la mwanga na chumba kizima giza macho yanachoka kwa kuhama hama. Simulesheni ikanipa 780 pale chini ya sindano. Wati 5 hizo! Ndo maana nawaambia soketi na braketi ziamuliwe kabla ya plasta, maana hiyo taa ilihitaji soketi yake usawa wa kifua na mimi kwa mazoea ningeiweka chini karibu na sakafu, dada angekuwa anavuta ekstensheni maisha yake yote.

Kwa mama ilikuwa kinyume. Mtu mzima anahitaji mwanga zaidi kusomea, jicho la miaka 60 linapokea kama theluthi tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la miaka 20, kwa hiyo kwenye kiti anachosomea Biblia nilimwekea taa yake pembeni. Lakini usiku wa manane korido ikiwaka kama mchana inampofusha dakika nzima, ndo hapo wazee wanajikwaa. Tukaweka vitaa viwili vidogo chini ukutani, usawa wa goti, mwanga unamwaga sakafuni tu. Kwenye kompyuta niliweka jicho la kamera kimo chake mama, nikatembea nalo toka kitandani mpaka mlango wa choo, nikahakikisha hakuna balbu inayomtazama usoni.

Rangi ya ukuta nayo jamani isidharauliwe. Nyeupe inarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, zile za giza zinazopendwa siku hizi ukuta mmoja wa sebuleni zinaumeza karibu wote. Nilimbadilishia dada ukuta wa kijivu kuwa off white kwenye kompyuta bila kugusa taa yoyote, kona ya homuweki ikapanda. Akakubali, ingawa kijivu kilimuuma roho.

Haya, mchana. Hapa programu inataka umwambie nyumba iko wapi duniani. Arusha weka digrii 3.4 kusini, 36.7 mashariki, saa UTC+3, na kaskazini ya ramani uigeuze iwe ya kweli, nenda na dira ya simu saiti, usikisie. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halifanyi kama la kwao. Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakaa juu ya utosi kabisa. Kwa hiyo ule ushauri wa kwenye majarida ya nje kwamba madirisha makubwa yaelekee kusini upate jua la baridi, ukiufuata Arusha, Julai yenyewe unayotafuta jua hulipati, unalipata Desemba wakati hulihitaji.

Na paa. Paa la dada limetokeza sentimita 60 nje ya ukuta. Desemba mchana jua likiwa kusini, liko juu sana, hizo sentimita 60 zinaweka kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu, dirisha lote limefunikwa, raha. Lakini upande wa magharibi saa kumi na nusu jioni jua limeshalala, paa lilelile linakupa kivuli cha sentimita 35, 40 hivi, na dirisha lina mita moja na ishirini. Chumba alichokuwa amekitenga kwa cherehani kinatazama magharibi. Niliona ule mstatili wa jua kwenye simulesheni unatembea sakafuni toka saa tisa, unapanda kwenye meza, saa kumi na moja umekaa kwenye mgongo wa lile boksi. Kuta zilishasimama zamani, hatukugusa tofali hata moja, tulibadilisha kazi za vyumba tu: kile kistoo kina dirisha linaloangalia kaskazini na ni hapo cherehani imehamia, chumba cha magharibi kikawa cha kulala wageni ambao mchana hawamo.

Kitu kingine, na hiki wenyeji mtanielewa: usikubali ile anga ya jua kali inayopendeza kwenye picha. Programu inakuruhusu kuchagua anga safi, ya mchanganyiko au ya mawingu. Julai Arusha asubuhi jua liko wapi aisee? Mlima Meru umefunikwa, baridi imekaa, saa nne bado watu wana makoti. Nilipochagua anga safi chumba cha mashariki kilionekana pazuri sana pa kuogeshea mtoto saa mbili asubuhi, nikabadilisha kuwa mawingu, ule mwanga wa dhahabu wote ukafutika. Mwezi wa kwanza ni sawa, wa saba hapana. Dada akaamua Julai mtoto anaoga saa saba mchana, maji ya moto, mlango umefungwa, basi.

Tukishafika kwenye baridi sasa niseme wazi: DIALux inahesabu mwanga, joto haihesabu. Kwa joto kuna EnergyPlus, nayo ya bure, ya Idara ya Nishati ya Marekani, ipo toka 2001. Hiyo sio ya kukaa nayo jioni mbili ukaielewa, ni mafaili na maandishi matupu, nilisaidiwa na binamu yangu anayesomea uhandisi. Ila inachokufanyia ni kikubwa. Unaipa ukuta una tofali gani na unene gani, bati, dari, madirisha, hali ya hewa ya mwaka mzima saa kwa saa, saa 8,760, halafu unaipa na ratiba ya watu. Mtu aliyekaa anatoa joto la wati 100 hivi. Pasi ya kawaida ni wati 1,000, kwa hiyo dada akipiga pasi sare ni kama amejaza watu kumi ndani ya kale kachumba. Tukaiambia anapiga pasi saa nane mpaka saa kumi, ikatuonyesha joto linapanda muda huohuo bati nayo imeshachemka. Tukasogeza pasi saa moja asubuhi. Hiyo haikugharimu hata shilingi, na Julai joto la pasi linampashia chumba wakati anapolihitaji.

Bati zake ni msauzi za kijivu cha mkaa, zilishapigwa, rangi ya giza inakula jua. Binamu akajaribisha bila dari, halafu na dari ya gypsum, halafu dari pamoja na matundu ya hewa kwenye pembe mbili za paa ili hewa ya moto ya juu ya dari itoke. Kati ya ya kwanza na ya mwisho, saa tisa alasiri ya Februari, tofauti ilikuwa nyuzi kama tatu. Kabla ya hapo fundi paa alikuwa ameshaambiwa matundu ayazibe sababu ya popo. Tukaweka wavu, popo hawaingii, hewa inatoka.

Halafu binamu akachukua ramani ileile, kila kitu kilekile, akaipeleka Moshi kwa kutumia hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambao uko mita kama 890 toka usawa wa bahari, wakati Arusha mjini ni kama 1,400. Toka Arusha mpaka Moshi ni kilometa themanini tu za barabara. Nyumba ikawa nyingine kabisa. Moshono usiku ukuta unapoa, asubuhi unaanza upya. Moshi Februari ukuta haupati muda wa kupoa vizuri, joto la jana linakutana na la leo, na madirisha yanayotosha Moshono kule Pasua mtu angelala mlango wazi. Nawaomba sana mnaonunua ramani za mitandaoni, msinunue tu kwa sababu imependeza kwa mtu wa Dar au wa Moshi.

Na hili naliongea kwa uchungu: Julai Arusha usiingize jiko la mkaa chumbani kujipashia, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Ile hewa ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, inaua watu usingizini. Ziba upepo chini ya mlango, weka pazia zito, blanketi, chupa ya maji ya moto. Mkaa ubaki nje.

Mapungufu ya DIALux, kwa haki. Ni ya Windows peke yake. Faili ni kubwa, tafuta bando la usiku, na laptopu iwe na nguvu kiasi, yangu ya RAM GB 8 ilikuwa inapumua kwa nguvu nikihesabu nyumba nzima na madirisha yote, chumba kimoja kimoja ilikwenda vizuri. Siku mbili za kwanza utapotea kwenye menyu, vumilia. Kubwa zaidi ni kwamba inatumia faili za taa za viwanda vya nje, zile balbu tunazonunua mjini nyingi hazina faili, kwa hiyo nilichukua taa ya umbo linalofanana nikairekebisha lumeni. Na lumeni zenyewe soma kwenye boksi kwa tahadhari, kuna duka moja mjini niliuziwa balbu zimeandikwa wati 12, nikazipima pembeni ya wati 9 niliyonayo nyumbani, ile 9 ikazishinda. Nilizirudisha, nikabadilishiwa kwa shida.

Kama kompyuta yako ni ndogo au unataka tu kuona jua linaingiaje, Sweet Home 3D inatosha, nayo bure, inaenda Windows, Mac na Linux, unaweka mahali, tarehe na saa inakupa picha yenye vivuli. Luksi haikupi. Lakini kwa mtu anayechagua tu kitanda kikae wapi ni nzuri na dada mwenyewe aliiweza, mimi nilimfundisha Jumapili moja.

Tumeshahamia wiki tatu sasa. Nilipima pale chini ya sindano dada akiwa amekaa ameinama, simu ikasoma 690, kompyuta ilisema 780. Kwa taa ya sokoni na vumbi la plasta ambalo bado linashuka, mi naikubali. Jikoni kwenye ubao hakuna kivuli. Korido sikuipima, nilimsubiri mama aje, asubuhi nikamwamkia shikamoo nikamuuliza usiku umeonaje njia, akasema marahaba mwanangu, sikuwasha kitu. Sare za muhula ujao dada ameanza kuzikata juzi, za dark blue anashona usiku na nyeupe ndo anabakiza mchana.

Dirisha la magharibi bado linatusumbua jioni. Tumepanda mparachichi mita tano kutoka ukutani, mstari uleule jua linapopita saa kumi na nusu, kwa sasa unanifika magotini, kwa hiyo mwaka huu ni pazia.